Mfilipino wa Arlington

Mapunda hakuwa Mfilipino. Naanza na hilo kwa sababu nimelikana kwa zaidi ya miaka thelathini, mbele ya watu wazima waliovaa suti, mara nyingine mbele ya kipaza sauti, na kila mwaka nilizidi kulikana kwa ustadi. Baba yangu, ambaye Watanzania wa Maryland na Virginia bado wanamwita Mwenyekiti ingawa amestaafu na kurudi Songea, alikuwa na kawaida ya kunisimamisha katika sherehe za jumuiya na kuniuliza, "Sema mwenyewe, mama, yule Mapunda wa Arlington uliyempigia simu alikuwa mtu wa wapi?" Nami najibu, "Mfilipino, Baba," na ukumbi mzima unaangua kicheko, maana mtu yeyote aliyewahi kusoma darasa moja na watoto wa Songea anajua Mapunda ni jina la wapi. Nilicheka pamoja nao. Chini ya meza vidole vyangu vilikuwa vya baridi kama vya mtu aliyeshika barafu.

Majira yenyewe yalikuwa ya baridi, na kwangu yana harufu ya kitabu cha simu. Wasomaji vijana itabidi waniamini: kulikuwa na kitabu kinene kama tofali, karatasi zake nyembamba za rangi ya uji wa ulezi, kinaachwa bure mlangoni kwa kila mtu, na ndani yake majina ya wakazi wa eneo zima pamoja na namba zao. Kilinuka wino na vumbi, na kwa kuwa Baba alikiweka juu ya chombo cha kupashia nyumba joto, kilinuka pia kama kitu kinachokaribia kuungua. Tulikuwa navyo vitatu: cha upande wetu wa Maryland, cha jiji lenyewe, na cha Virginia ya ng'ambo ya mto. Tulikaa Lanham, ghorofa ya tatu, katika nyumba yenye zulia la kahawia na madirisha yasiyofunguka. Nilikuwa na miaka kumi.

Baba alikuja kusoma, akamaliza, akapata kazi katika ghala moja huko Landover, kabla hata uwanja ule mkubwa wa mpira haujajengwa. Anapoisimulia miaka ile huisimulia kama mtu aliyefyeka msitu kwa shoka. "Hapa palikuwa pori," alikuwa akiwaambia wageni, akinyoosha mkono kuelekea barabara ya njia sita yenye maduka pande zote mbili. Utadhani alikuta simba kwenye kituo cha mafuta. Lakini nikiwa mtu mzima nimeelewa alichomaanisha. Majira yake ya kwanza ya baridi alipitisha miezi minne bila kusikia neno la Kiswahili, na siku moja, akiwa anapanga maboksi, alijikuta anayahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, ili tu masikio yapate kitu. Mimi na Mama tulipomfuata, alitupokea uwanja wa ndege na kuanza kuongea, na hakunyamaza hadi tulipofika nyumbani. Sisi wawili hatukumtosha. Alitaka kijiji. Na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumwonyesha kijiji kiko wapi, aliamua kukitafuta kwenye kitabu cha simu.

Alivisoma vitabu vile ukurasa kwa ukurasa, ndani ya basi, wakati wa mapumziko ya kazi, hata chooni. Kila jina lililosikika kama la nyumbani alilinakili kwenye karatasi ya daftari: jina, mji, namba, na pembeni nafasi ya alama. Tiki maana yake "wa kwetu", msalaba maana yake "si wa kwetu". Sikio lake lilikuwa na imani kubwa kuliko ushahidi. Kimura alimwandika akidhani ni Mmeru, alikuwa Mjapani. Malonga alikuwa Mkongo, akatusalimia vizuri na kutukaribisha kanisani kwake. Manalo, ambaye Baba aliapa ni mtu wa Ruvuma, alikuwa Mfilipino, na huyo alikuwa Mfilipino kweli. Lakini katika wiki tatu za mwanzo tulipata tiki nne, na kila tiki Baba aliipokea kwa kusimama, kama mtu aliyesikia wimbo wa taifa.

Nasema "tulipata" kwa sababu mpigaji nilikuwa mimi. Baba alipojaribu mwenyewe, watu walisikia lafudhi yake, wakadhani anauza bima, wakakata. Mimi nilikuwa na Kiingereza cha shule, cha puani, na watu hawamkatii mtoto simu. Mwanzoni nilipiga Jumamosi, Baba akiwa amesimama nyuma yangu ananipumulia kisogoni. Nikipata mtu wa kwetu nilimpa simu, naye alianza kupiga kelele za furaha ambazo majirani walizigongea ukuta. Kisha zamu yake ghalani ikahamia mchana. Akawa ananiachia karatasi yenye majina kumi juu ya meza, na chini yake ameandika kwa mwandiko wake wa kiofisi: "Piga ukitoka shule."

Hapo ndipo hofu ilipoingia, kwa sababu nilikuwa na amri mbili zisizokaa chumba kimoja. Ya pili ilitoka kwa Mama. Mama alikuwa analea wazee katika nyumba ya kutunzia wazee na alirudi saa kumi na mbili jioni. Mimi nilitoka shule saa tisa. Kwa hiyo kulikuwa na saa tatu ambazo kisheria sikupaswa kuwepo. Mama alikuwa amenieleza akiwa ameshika mabega yangu yote mawili: "Hapa serikali inachukua watoto wanaoachwa peke yao. Wanakuja na gari, wanakupeleka kwa watu usiowajua, na mimi na baba yako tunafungwa. Usifungue mlango. Usisogelee dirisha. Usiwashe jiko. Na mtu yeyote akikuuliza uko na nani, uko na mama, anaoga." Basi kila siku nilifunga mapazia, nikazima taa, nikakaa gizani saa tisa na nusu mchana, na kutoka ndani ya maficho hayo nikatakiwa kupigia simu watu kumi nisiowajua na kuwatangazia kwamba nipo.

Sijui kama niliwahi kuogopa hivyo tena, na nimewahi kutetea tasnifu. Mabomba ya joto yalikuwa yanagonga ndani ya ukuta kama mtu anayeomba kuingia. Lifti ilipofunguka nilihesabu hatua za anayekuja. Ufunguo wa jirani ulipolia kwenye kitasa chake nilibana pumzi hadi mlango wake ufungwe. Nilipokuwa napiga namba, kila mlio wa simu kule upande wa pili nilikuwa naomba usipokelewe. Na kabla wiki ya kwanza haijaisha niligundua jambo ambalo kila mtumishi wa umma huligundua mapema au baadaye: fomu inajazika bila kazi kufanyika. Nikaanza kuweka misalaba bila kugusa simu. Si yote, nilikuwa mtoto wa dhamira, nilipiga majina matatu au manne na mengine nikayasulubisha. Baba alirudi, akaangalia karatasi, akasema, "Aisee, leo wa kwetu hawapo," akaenda kula.

Siku niliyompigia Mapunda ilikuwa Jumanne, theluji inaanguka. Karatasi iliandikwa "Mapunda, A., Arlington". Nikapiga kwa sababu nilikuwa na uhakika hatapokea. Nani anakuwa nyumbani saa kumi? Alipokea mara moja. Nikasema sentensi yangu ya Kiingereza, samahani kwa usumbufu, je, familia yenu imetoka Tanzania? Kisha sauti ya mwanamke, ya Kiswahili, karibu kabisa na sikio langu:

"Wee mtoto, wewe ni mtoto wa nani?"

Nikageuka kuangalia mlango.

"Upo na nani hapo nyumbani?"

"Nipo na mama. Anaoga."

"Haya, anaoga. Nitamsubiri. Mwambie akimaliza aje."

"Amelala."

"Mara anaoga, mara amelala?" Akacheka kidogo, kisha kicheko kikakoma. "Mwanangu, upo peke yako?"

Nikakata. Leo najua kwamba hakuna mama wa Kitanzania duniani ambaye asingeuliza maswali yale matatu, kwa mpangilio uleule, kwa mtoto yeyote aliyekutana naye, hata dukani. Ni salamu tu. Lakini masikio yangu yalikuwa yamefundishwa kwamba serikali itauliza hivyohivyo, na sasa serikali ilikuwa inaongea Kiswahili cha Songea. Nikaweka msalaba. Kalamu ikatoboa karatasi.

Dakika mbili baadaye simu ikalia. Miaka ile kampuni ya simu ilikuwa imeanzisha huduma ya kubonyeza vitufe fulani ili kumrudia aliyekupigia, lakini mimi sikujua. Nilichojua ni kwamba ameniona. Nikaifunika simu kwa mto, nikaingia kwenye kabati la makoti, nikakaa kati ya koti la Baba na ufagio wa umeme hadi Mama aliporudi. Kesho yake ikalia tena saa kumi. Na keshokutwa. Ilikuwa inalia mara ishirini, inanyamaza, inalia tena. Nikawa nachelewa makusudi kutoka shule, natembea kwenye theluji hadi vidole vya miguu vinakufa ganzi, na bado nilipofungua mlango nilikuta inalia, kama vile haikupumzika.

Jumamosi Baba aliketi na karatasi za wiki nzima. Kalamu yake ikasimama.

"Huyu Mapunda vipi?"

"Si wa kwetu."

"Mapunda? Si wa kwetu?"

"Mfilipino, Baba."

Akanitazama juu ya miwani, akageuka kumtazama Mama aliyekuwa anakunja nguo. "Mama Tumaini, umesikia? Mapunda siku hizi wako Ufilipino."

"Labda babu yao alipotea njia ya Mbinga," Mama akasema bila kuinua macho.

Wakacheka, na nikajua nimepona. Jumapili mimi na Mama tulikwenda kanisani, Baba akabaki kwa kuwa alikuwa na mafua. Jumatatu nilirudi shule nikiwa najikaza kwa ajili ya saa kumi, lakini nilimkuta Mama jikoni, anakaanga vitunguu. Alikuwa amebadilisha zamu, akasema, sasa atakuwa anaingia asubuhi na kumaliza saa nane. Hakueleza zaidi. Karatasi ya majina kumi haikuwa mezani, na haikurudi tena. Saa kumi ilipita. Simu haikulia. Haikulia Jumanne wala Jumatano, nami nikaufurahia ukimya ule kama mtu anavyofurahia homa kushuka.

Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka habari zilipofika. Mwanamke wa kwetu amekutwa amefariki nyumbani kwake Arlington. Alikuwa akiishi peke yake, na zilipita siku nyingi kabla mtu hajagonga. Mamlaka za kule zilimzika zenyewe, bila mtu wa kumwimbia. Nililisikia hilo kutoka kwa Baba, Jumapili alasiri, sebuleni kwetu, mbele ya watu saba aliowaita kwa dharura. Mimi nilikuwa napitisha chai. Baba alisimama, sauti yake ikiwa ngeni hata kwangu, akasema kwamba kuanzia siku ile hatazikwa tena mtu wa kwetu bila mtu wa kumlilia, na kwamba watu waliotawanyika namna hii lazima wawe na uongozi. Neno nililosikia mimi ni moja tu, Arlington. Nikaelewa kwa nini simu iliacha kulia. Mpigaji hakuwepo tena.

Ningeweza kuuliza jina la marehemu. Swali lingechukua sekunde tatu. Nimekuja kuuliza maswali magumu zaidi ya hilo katika maktaba za nchi mbili, na nimelipwa kwa kazi hiyo. Hilo moja sikuliuliza, kwa sababu maadamu sijauliza, kulikuwa na nafasi ndogo, nyembamba kama zile karatasi, kwamba si yeye.

Jumuiya ilizaliwa siku ile. Baba alikuwa ameandaa rasimu ya katiba yenye kurasa kumi na moja, jambo lililomfanya Bwana Kiango, mtu wa Tanga aliyekuwa tiki yetu ya kwanza, aulize, "Ndugu yangu Haule, watu saba, kamati tano. Sasa nani atakuwa mwananchi?" Lakini walimchagua, na wakaendelea kumchagua. Alikuwa na kipaji ambacho pori linahitaji: hakuona haya kugonga mlango wa mtu. Aliacha vitabu vya simu kabisa. Alianza kwenda kwa miguu, kwenye makanisa na misikiti, kwenye maduka ya nyama ya mbuzi, kwenye vituo vya basi ambako walezi wa wazee hushuka alfajiri. Waliofika wapya walilala sebuleni kwetu. Nilisomea mitihani nikiruka miguu ya watu. Alipatanisha ndoa, alisimamia misiba, aligombana na kila aliyetaka nafasi yake na kumshinda kwa vifungu vya katiba ambavyo yeye peke yake alivisoma. Na katika kila hotuba kulikuwa na vitu viwili visivyokosekana: yule mama wa Arlington, ambaye hakumtaja jina, na kichekesho cha Mapunda Mfilipino. Aliviweka karibu karibu, cha kuliza na cha kuchekesha, kama msemaji mzuri anavyofanya. Mimi nilikaa meza ya mbele na kusikia kitu kimoja kikisemwa mara mbili.

Mwaka huu jumuiya imeamua kuchapisha kijitabu cha maisha ya mwasisi wake, na kwa kuwa mimi ndiye mtoto aliyesoma mambo yasiyo na kazi ya maana, nikapewa kuandika. Nimekaa Lanham ileile, si mbali na ile nyumba ya zulia la kahawia. Mgeni akitoka nyumbani siku hizi, kundi la jumuiya linajua namba ya ndege yake kabla hajafunga mkanda. Akifika ana miadi mitatu ya chakula na wachumba wawili. Binti yangu ana miaka kumi na moja, ananielewa Kiswahili na kunijibu Kiingereza, na hajawahi kukaa peke yake ndani ya nyumba hata saa moja, kwa sababu simruhusu. Simu yake ikilia badala ya kuleta ujumbe, huitazama kwa woga, anaisukuma mbali kwa kidole. Namtazama na kufikiri kwamba hofu ile haikuisha. Imebadilisha kifaa tu. Yeye lakini akiogopa huniita, nami nakuja. Tofauti ya utoto wake na wangu, nikiipima, inaishia hapo, na si ndogo.

Niliandika sura zote isipokuwa moja. Kisha nikaiandika na hiyo: misalaba bila simu, maswali matatu, kabati la makoti, Mfilipino. Niliandika kwamba naamini niliyemkatia simu ndiye aliyekutwa amekufa, na kwamba jumuiya yote imesimama juu ya msalaba wangu. Nikamtumia binamu yangu Songea, amchapie Baba kwa herufi kubwa. Siku nne zikapita bila neno. Siku ya tano, Jumamosi asubuhi, nikiwa natoa vyombo kwenye mashine, simu ikalia, nikaiacha ilie mara sita kabla mkono haujakubali.

"Nimesoma," Baba akasema. Hakusalimia. "Una makosa ya ukweli."

"Makosa gani, Baba?"

"Yule mama wa Arlington hakuwa Mapunda. Aliitwa Theodora. Hakuwa na simu, mama. Hakuwemo kwenye kitabu chochote. Usingempata hata ungepiga mwaka mzima."

Nikakaa chini, palepale, sakafuni, na sahani mkononi.

"Mapunda mwenyewe alinipigia," akaendelea, polepole. "Ile Jumapili nilipobaki na mafua. Nimejibu tu, akaniuliza, wewe ndiye baba wa yule mtoto anayeachwa peke yake na simu? Yule mama alinisema, alinisema! Akasema nisipopanga nyumba yangu atapanda basi aje kukaa na wewe yeye mwenyewe. Na Theodora alipokufa, ni yeye aliyepata habari, ni yeye aliyenipigia tena. Akaniambia, umetafuta watu kwa simu, huyu hakuwa na simu, sasa inuka ukawatafute kwa miguu. Ile jumuiya ni maneno yake. Nikamwomba aje kwenye kikao. Akasema hakai chini ya mwenyekiti wa namna yangu."

"Na hukuwahi kusema."

"Ningesemaje? Ningemtaja, wangeuliza tulijuanaje. Wewe ulikuwa umeshamfanya Mfilipino. Nikaona huyo Mfilipino anifiche hivyohivyo." Nikasikia anavuta pumzi. "Nilikuwa namwogopa, mama. Mpaka alipohama nilikuwa namwogopa."

"Sasa niandike nini?"

Akakohoa kama alivyokuwa akikohoa kabla ya kupitisha azimio.

"Andika kwamba mwasisi alikuwa Mapunda, na alikuwa mtu wa Songea. Andika kwamba mimi na wewe tulijua, tukacheka miaka yote hiyo."

"Watatu," sauti ya Mama ikasema kutoka nyuma yake. "Mwambie aandike watatu. Zamu alibadilisha nani?"